Faini ya gari la mwingine: nani athibitishe?

Faini ya barabarani nchini Tanzania hukaa juu ya namba ya gari. Inabaki ndani ya mfumo wa kompyuta wa polisi mpaka siku mmiliki atakapoiingiza namba hiyo kwenye simu kuangalia kama kuna deni linalosoma, au mpaka trafiki atakapolisimamisha gari njiani na kuiingiza mwenyewe kwenye mashine yake ya mkononi. Hapo ndipo mtu hujikuta akisoma kosa la mwendo kasi katika wilaya ambayo gari lake halijawahi kukanyaga, tena saa ambayo lilikuwa limeegeshwa nyumbani. Kiasi chenyewe ni Shilingi 30,000, na kwa pikipiki na bajaji kilishushwa hadi 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021/22. Wengi hulipa, wakanung'unika, safari ikaendelea. Ninachodai hapa ni kwamba kukosea namba ni jambo la kawaida na linasameheka. Lisilosameheka ni utaratibu unaomtwisha asiyehusika kazi ya kujisafisha, ilhali aliyekosea hapotezi chochote. Anayedai ndiye athibitishe, na vifaa vinavyotumika kudai vinatosha kabisa kwa kazi ya kuthibitisha.

Tuitazame kwanza namba yenyewe. Gari la Tanzania hubeba herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu. Tarakimu moja tu ikikosewa, zipo namba 27 zinazoweza kuandikwa badala ya ile sahihi, maana katika kila nafasi kati ya hizo tatu zipo tarakimu tisa nyingine za kuingia. Herufi nazo zina mitego yake: C huchanganywa na G, E na F, D na Q, hasa usiku, wakati wa mvua, au kibao cha namba kinapokuwa kimejaa vumbi. Kwa kuwa namba za usajili hutolewa kwa mfuatano, namba iliyokosewa mara nyingi haiangukii patupu. Inaangukia gari la mtu, lenye kadi na jina la mmiliki. Kompyuta haioni kasoro yoyote, kwa sababu namba ipo na mwenyewe yupo. Singapore walilifikiria jambo hili mapema. Mwisho wa namba ya gari huko huwekwa herufi inayokokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia, hivyo anayekosea kunakili huwa na nafasi kubwa ya kukataliwa na hesabu palepale. Namba za Tanzania, Kenya na Uganda hazina kinga hiyo. Kidole kikiteleza kwenye mashine, hakuna kinachokizuia.

Na vidole vinavyoweza kuteleza ni vingi. Dereva yeyote wa barabara kuu anaujua utaratibu wa tochi: askari mmoja hupima mwendo na kupiga picha mahali fulani, kisha picha hutumwa kwa simu kwa mwenzake aliye kilometa kadhaa mbele, ambaye ndiye husimamisha magari na kuandika faini. Namba husomwa kwenye kioo kidogo cha simu, juani, magari yakiwa yamepanga foleni, kisha huandikwa upya kwa mkono. Kila hatua kati ya hizo inaweza kuzaa kosa bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Zipo pia njia zisizohusu macho ya askari. Mtu huuza gari kwa mkataba wa mauziano na picha mbili za pasipoti, mnunuzi akaahidi kuhamisha umiliki wiki ijayo, wiki ikawa mwaka, na muda wote huo makosa yake yanasoma kwenye jina la aliyekwisha kula fedha zake na kununua gari lingine. Wapo pia wanaotengeneza namba pacha, wakavalisha gari lao namba ya gari la mwingine linalofanana nalo kwa aina na rangi, wapite wanakotaka. Katika yote haya kompyuta huonyesha kitu kilekile, yaani namba, kosa na kiasi. Haionyeshi ni ipi kati ya njia hizo iliyolileta deni hapo.

Ni rahisi kudhani kwamba kamera zinazosoma namba zenyewe zitalimaliza tatizo. Mwaka 2021 kamera ya njia ya mabasi katika mji wa Bath, Uingereza, ilimpiga picha mwanamke aliyekuwa akitembea kwa miguu, amevaa fulana iliyoandikwa KNITTER. Mkanda wa mkoba wake ulikatiza maandishi, kompyuta ikasoma KN19 TER, na taarifa ya faini ikatumwa kwa mwenye namba hiyo, aliyekuwa akiishi kaunti ya Surrey, mbali sana na Bath. Kisa hicho kilichekesha magazeti, lakini la maana zaidi ni namna kilivyoisha. Taarifa ilikuja na picha. Aliyeipokea alimwona mtu anatembea na hakuona gari, akapiga simu, faini ikafutwa. Kosa lilikuwa la ajabu, ila halikumtesa mtu, kwa sababu ushahidi ulisafiri pamoja na dai.

Kwingineko dai lilisafiri peke yake. Mwaka 1979 mkazi mmoja wa Los Angeles alijaza fomu ya kuomba namba ya kujichagulia. Hakutaka chochote zaidi ya chaguo zake mbili za kwanza, kwa hiyo kwenye nafasi ya tatu aliandika NO PLATE, maana yake kwamba zikikosekana hizo basi hahitaji namba maalumu. Mamlaka ikamtengenezea kibao kilichoandikwa NO PLATE. Askari wa jimbo zima la California waliokuta gari lililotelekezwa lisilo na namba walikuwa wakijaza maneno hayohayo kwenye karatasi za faini, na yeye akapokea taarifa zipatazo 2,500 za magari asiyoyajua. Miongo minne baadaye, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa California aliyechagua namba NULL alikumbwa na balaa la aina hiyohiyo: faini zilizokosa namba ya gari zikaelekezwa kwake, zikafikia zaidi ya dola 12,000. Mifano yote miwili inafundisha kwamba mfumo uliojengwa kukusanya fedha haupendi nafasi tupu. Usipompata mwenye deni, utamtafuta aliye karibu naye kwa maandishi, na mtu huyo ndiye atakayehangaika.

Mahangaiko hayo ndiyo kiini cha suala. Mtu aliyeshtakiwa kwa jambo alilofanya anaweza kulieleza, kulitetea au kulikiri. Aliyeandikiwa kosa la gari la mwingine anatakiwa kuthibitisha kitu ambacho hakikutokea, yaani kwamba gari lake halikuwa Chalinze saa nne asubuhi ya siku fulani miezi mitatu iliyopita. Atathibitishaje? Mwenye kampuni ya usafirishaji ana kifaa cha kufuatilia gari na kumbukumbu za kila safari. Mwenye bajaji ya Mbagala ana neno lake na la jirani yake. Risiti ya mafuta ingesaidia, kama wino wake haujafifia kwenye pochi. Kwa hiyo utaratibu unaodai ushahidi kutoka kwa mlipaji hauwapimi watu kwa hatia yao. Unawapima kwa uwezo wao wa kutunza kumbukumbu, na uwezo huo ni suala la kipato. Isitoshe, kadiri taarifa inavyochelewa ndivyo kumbukumbu inavyokufa. Uingereza wameliwekea hilo mpaka: kwa makosa kama ya mwendo kasi, kama dereva hakuonywa papo hapo, taarifa ya kusudio la kushtaki sharti imfikie mmiliki aliyesajiliwa ndani ya siku 14. Mantiki yake haihitaji shahada ya sheria. Huwezi kumwuliza mtu alikuwa wapi baada ya kumpa muda wa kusahau.

Sheria zetu hazipingani na mantiki hiyo. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na makosa ya barabarani ni jinai hata kama ni madogo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inampa anayeandikiwa faini njia mbili: kukubali na kulipa, au kukataa na kwenda mahakamani. Kwenye karatasi hilo linatosha. Lakini njia hizo zilibuniwa kwa ajili ya askari na dereva waliosimama ana kwa ana kando ya barabara, ambapo dereva anaweza kukataa kwa mdomo wake palepale. Deni linaloingia kimya kimya kwenye namba ya gari halimwulizi mtu kama anakubali. Linakaa, linaongezeka likicheleweshwa, na siku gari likisimamishwa njiani na abiria ndani, mazungumzo hayahusu tena kama kosa lilitendeka. Yanahusu lini litalipwa. Haki ya kukataa ipo, ila imebaki bila mlango wa kuingilia.

Kinachotia uchungu zaidi ni kwamba serikali tayari ina taarifa zinazotosha kuzuia sehemu kubwa ya makosa haya kabla hayajamfikia mtu. Kadi ya gari inaonyesha aina ya gari, toleo, umbo, rangi, namba ya chasisi na ya injini, na hayo yote yamo kwenye daftari la usajili la Mamlaka ya Mapato Tanzania. Picha ya tochi ikionyesha lori la mchanga na namba iliyoandikwa ikawa ya Toyota IST ya rangi ya fedha, mtu yeyote anayelinganisha vitu hivyo viwili anajua kuna kasoro. Kompyuta nayo inaweza kulinganisha, kwa masharti kwamba askari aingize aina na rangi ya gari pamoja na namba, na mfumo ukatae kutoa faini pale visipolingana. Hatua hiyo isingemgusa mwenye namba pacha aliyechagua gari la kufanana, lakini ingezichuja namba nyingi zilizoandikwa kwa bahati mbaya, maana si rahisi kosa la tarakimu moja likaangukia gari la aina ileile na rangi ileile. Picha nayo ipo tayari, imeshatembea kutoka simu moja kwenda nyingine ili dereva asimamishwe. Kinachokosekana ni hatua ya mwisho, kumwonyesha yule anayedaiwa.

Kuna wanaosema haya yote ni makelele juu ya fedha kidogo: mtu alipe 30,000 aendelee na maisha, kwani kuhangaika kwa mkuu wa trafiki wa mkoa (RTO) kutamgharimu nauli na siku nzima ya kazi. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mtu mmoja, na ndiyo sababu ni hatari kwa wote. Faini inapokuwa ndogo kuliko gharama ya kuipinga, kila asiyehusika atalipa, na kila malipo yatahesabiwa kama kukiri kosa. Takwimu zitaonyesha mfumo usio na makosa, kwa kuwa hakuna anayelalamika. Wakati huohuo dereva halisi aliyekimbiza gari katika eneo la makazi lenye ukomo wa kilometa 50 kwa saa hajui hata kama alionekana. Kesho atapita tena kwa mwendo uleule. Faini iliyolipwa na asiyehusika imeingiza fedha hazina lakini haijapunguza mwendo wa mtu yeyote, na kama lengo la faini ni usalama, basi imeshindwa kazi yake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Ukiwafungulia watu mlango wa kukataa, kila mkosaji atakataa, na polisi watabaki wakisoma barua badala ya kusimamia barabara. Ni kweli wapo watakaojaribu. Lakini anayejaribu hukata tamaa haraka akionyeshwa picha ya gari lake, kibao cha namba kinasomeka, na mahali na saa vimeandikwa. Ushahidi ukiwa wazi, unampa asiyehusika njia ya kutoka na unamfunga mdomo mwongo, kwa karatasi hiyohiyo moja. England na Wales wameufanya utaratibu huu kuwa wa kawaida kwa faini za maegesho zinazotolewa na halmashauri. Anayedaiwa huandika pingamizi bila kulipa kwanza. Halmashauri ikilikataa, anaweza kwenda kwa mwamuzi huru bila kutozwa ada, na shauri linaweza kusikilizwa kwa njia ya mtandao. Halmashauri ikikaa siku 56 bila kujibu pingamizi rasmi, faini hufa yenyewe. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachostahili kuigwa kuliko vyote, kwa sababu kinahamisha gharama ya uzembe kutoka kwa mwananchi kwenda kwa ofisi. Ofisi inayojua kwamba ukimya wake utaipotezea fedha hujifunza kujibu.

Wengine watasema mmiliki ndiye anayejua nani aliendesha gari lake, hivyo ni haki aulizwe yeye kwanza. Nakubaliana nao, kwa mipaka yake. Uingereza pia humlazimisha mmiliki aliyesajiliwa kumtaja dereva, na kukataa kumtaja ni kosa. Wajibu huo una maana pale gari linapokuwa lake kweli. Mwenye gari lisilokuwapo eneo la tukio hana dereva wa kumtaja. Kwa hiyo swali la kwanza lazima liwe "je, hili ni gari lako?", likiambatana na picha, kisha ndipo lifuate la nani alikuwa usukani. Aliyeuza gari bila kuhamisha umiliki naye hawezi kukwepa lawama zote. Amejiachia mwenyewe mzigo ambao fomu moja ingemwondolea. Lakini hata yeye anapaswa kupewa nafasi ya kuleta mkataba wa mauziano na kumtaja aliyenunua, maana anayetafutwa ni aliyevunja sheria, na muuzaji ndiye mwenye jina lake.

Pingamizi la nne ni la maisha na vifo, na halipaswi kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021. Kamera na tochi hupunguza mwendo, na mwendo ukipungua watu hupona. Anayetafuta kisingizio cha kuziondoa hatakipata kwangu. Lakini historia inaonyesha kwamba mifumo hii huuawa na makosa yasiyorekebishwa kuliko inavyouawa na wapinzani wake. Mji wa Baltimore nchini Marekani ulikuwa na mtandao mkubwa wa kamera za mwendo. Mwaka 2012 gazeti la Baltimore Sun lilionyesha makosa yake, likiwemo gari lililotozwa faini ya mwendo kasi huku limesimama kwenye taa nyekundu. Wakati mji ukidai makosa hayafiki hata asilimia 1, ukaguzi uliofichwa na baadaye kuvuja kwa gazeti hilo ulikadiria kuwa zaidi ya asilimia 10 ya taarifa zilikuwa na kasoro. Kamera zilisimamishwa mwaka 2013 na hazikurudi hadi 2017. Miaka hiyo yote barabara zilikosa ulinzi wa kamera, na aliyeuondoa ni uongozi ulioona aibu kukiri makosa yalipokuwa bado machache. Karibu na hapa, Uganda ilianzisha faini za kielektroniki za kamera mwezi Juni 2025 na kuzisitisha siku chache baadaye kutokana na malalamiko ya umma. Sababu za malalamiko hayo zilikuwa pana kuliko kosa la namba, lakini yaliyotokea yanathibitisha jambo hilohilo: mfumo usioaminika haudumu, hata kama nia yake ni njema.

Linabaki pingamizi ambalo husemwa kwa sauti ya chini ofisini: mashine haidanganyi. Uingereza iliamini hivyo kuhusu Horizon, mfumo wa hesabu wa ofisi za posta uliotengenezwa na Fujitsu. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa matawi ya posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, katika mashtaka yaliyotegemea takwimu za mfumo huo, na mahakama zilianza na dhana kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Washtakiwa hawakuwa na njia ya kuingia ndani ya mfumo kuonyesha kasoro. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Faini ya 30,000 haimfungi mtu jela wala kumfilisi, na sizilinganishi adhabu. Ninacholinganisha ni dhana: mahali popote ambapo rekodi ya kompyuta inachukuliwa kuwa kweli mpaka mwananchi aivunje, makosa yatajikusanya kimya, kwa sababu wanaoweza kuyaona hawana mamlaka na wenye mamlaka hawana sababu ya kuyatafuta.

Marekebisho yanayohitajika ni machache na hayadai mtambo mpya. Kila deni linalowekwa kwenye namba ya gari liambatane na picha, mahali na saa, vionekane na anayedaiwa palepale anapoangalia deni. Ujumbe utumwe kwa simu ya mmiliki mara deni linapoingia, asingoje kukutana nalo barabarani. Pingamizi liwasilishwe kwa njia ileile ya simu inayotumika kulipa, na likishawasilishwa, deni lisiongezeke wala gari lisizuiwe kwa sababu yake mpaka lijibiwe, kwa muda uliowekwa kisheria, ukimya ukihesabiwa kuwa kukubali. Aliyekwisha kulipa kimakosa arudishiwe. Na Jeshi la Polisi litangaze kila mwaka ni faini ngapi zilifutwa na kwa sababu gani, maana idadi hiyo itaonyesha kituo kipi, tochi ipi au mashine ipi inayohitaji kurekebishwa. Mpaka hayo yatimie, mwananchi naye ana ya kufanya: aangalie deni la gari lake mara kwa mara akiwa bado anakumbuka alikokuwa, ahamishe umiliki siku anayouza, na akikuta kosa asilolijua aombe picha kwa maandishi kabla ya kulipa. Ofisi isiyoweza kuonyesha gari inayolidai haina deni mkononi. Ina namba tu, na namba peke yake haijawahi kuvunja sheria.